Mtungi Uliovaa Kitambaa

Ninyi vijana mnaohamia nyumba zenu za kwanza huku Lurambi, ninawaona. Mnanunua televisheni kabla hamjanunua ndoo. Mnanunua zulia ambalo mgeni haruhusiwi kulikanyaga. Nikipita kuwasalimu na kuuliza kizima moto kiko wapi, mnaangaliana, kisha mmoja wenu ananijibu kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba nyumba ni ya mawe na mawe hayashiki moto. Haya. Siku moto ukija, kalaleni ukutani.

Mimi ni Mama Ayuma. Nimefanya kazi ya vizima moto hapa Kakamega mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi za watu. Niliuza mitungi, niliijaza, niliipima, niliitundika, na zaidi ya yote niligombana na wenye nyumba. Sasa nimestaafu na kilichobaki ni kule kugombana. Kwa hiyo nivumilieni. Nitawaambia machache ya kazi, halafu nitawaambia juu ya siku ya wakwe, siku ambayo mtungi wangu mwenyewe nusura uniharibie ndoa ya binti yangu kabla haijafungwa.

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo wanaume huanza kukosea. Alikuja mmoja dukani akitaka mtungi mkubwa kuliko yote, ule wa magurudumu unaowekwa kwenye vituo vya mafuta. Nikamuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Viwili. Nikamuuliza nani hupika. Mke wangu, akasema, na yuko nje ananisubiri. Tukamwita mama wa watu, mwembamba, mjamzito, nikamwomba ausukume ule mtungi mpaka mlangoni. Alimtazama mumewe kwa namna ambayo sitaisahau. Waliondoka na mtungi mdogo wa unga mkavu, na mama ndiye aliyeubeba, akiurusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine ili mzee aone. Anayepika ndiye anayechagua. Kama hawezi kuunyanyua kwa mkono mmoja na kufyatua kwa mwingine, hilo ni pambo tu.

Kwa nyumba za kawaida, unga mkavu unatosha. Unazima karatasi, mbao, petroli, na hata nyaya za umeme zikianza kutoa cheche. Wa maji usiukaribishe jikoni, kwa sababu maji na mafuta yanayowaka hayajawahi kupatana. Sufuria ya mafuta ikishika moto, dawa ya kwanza ni kuzima jiko na kuifunika kwa kifuniko chake au kwa blanketi la moto. Shikeni hilo neno kifuniko. Tutalirudia na mtanielewa kwa nini lilinitoa machozi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Juma, mtu wa Mumias, aliyevaa kofia iliyoshonwa vizuri kuliko shati lake. Yeye hakuwa anakagua mtungi. Alikuwa anausalimu. Anaushika, anatazama geji kama mshale uko kwenye kijani, anapapasa mpira kama umepasuka, anachungulia mdomo wake kama nyigu hawajajenga humo. Halafu anasema salaam aleikum, anaupindua juu chini na kuweka sikio. Unga ukiwa mzima, utausikia ukiteleza ndani taratibu. "Ameitika," husema. Unga ukiwa umegandamana chini kama ugali wa jana, hamna sauti. "Huyu hajaitika. Tumrudishe karakana."

Tulipokuwa tukiwafundisha wateja, nao walijifunza hivyo hivyo. Kule Matungu kuna nyanya mmoja aliyeusalimu mtungi wake kwa Kiarabu, haukuitika. Akausalimu kwa Kiluhya, mulembe, haukuitika. Akatupigia simu kutuambia tumemuuzia mtungi wenye kiburi. Tulipofika tukakuta haujawahi kupinduliwa tangu siku ulipoletwa, kwa sababu ile sehemu ya kupindua aliiona ni utovu wa adabu kwa kitu chekundu namna hiyo. Ninyi pindueni. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mara moja kwa mwaka mwiteni fundi aufungue.

Lakini msiwe waangalifu kupita kiasi. Huko huko Matungu kulikuwa na mkulima wa miwa ambaye kila mwisho wa mwezi alitoka uani, akachomoa pini na kufyatua kidogo. Alisema anaonja. Kuku wake wakawa weupe kila mwisho wa mwezi, hata jirani akaja kuuliza mbegu hiyo ameitoa wapi. Siku kaa lilipodondoka kwenye kochi, alibonyeza kwa imani yote, mtungi ukakohoa mara moja ukanyamaza. Kochi lilizimwa kwa uji wa watoto. Mtungi ukishafyatuliwa, hata kidogo namna gani, hewa huanza kuvuja. Upelekeni ukajazwe, na kama mnataka kuonja kitu, onjeni mchuzi.

Na msinunue sokoni Lubao katikati ya mbuzi. Sisemi Lubao ni pabaya, mimi mwenyewe hununua kuku pale. Ila siku moja mteja aliniletea mtungi alioupata huko kwa bei aliyoisimulia akicheka. Ulinuka rangi mbichi. Nikatazama geji, mshale uko kwenye kijani, safi. Nikautikisa, uko kwenye kijani. Nikasogeza macho, nikaona kwamba geji yenyewe imechorwa kwa brashi, na aliyeichora ana kipaji. Ndani mlikuwa na unga wa mahindi. Mteja wangu alibisha kwamba hata hivyo ni geji nzuri, maana haishuki. Nunueni kwenye duka ambalo mwakani mtalikuta pale pale, lenye fundi wa kujaza, na mtungi uwe na sili isiyokatwa, alama ya ubora, na tarehe ya kutengenezwa inayosomeka.

Sasa nifike kwenye adui mkubwa wa kizima moto hapa kwetu. Si kutu wala nyigu. Ni kitambaa.

Mnajua sebule zetu. Kochi lina kitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, redio iliyokufa zamani ina kitambaa kwa heshima ya marehemu. Mwanamke wa kwetu akiona kitu kimekaa uchi sebuleni, mikono humwasha. Katika kazi yangu nimevua mitungi vitambaa vya kila rangi. Nimekuta mtungi umeshonewa koti lenye vifungo. Nikiwauliza wenyewe pini iko wapi, wanaanza kupapasa kama wanaotafuta kiroboto.

Dada yangu Jessica ni bingwa wa vitambaa. Nampenda. Muweke hilo akilini katika haya ninayosema.

Desemba iliyopita, wakwe walikuja kumposa binti yangu Ayuma. Kijana anaitwa Wycliffe, wa familia ya wakulima wa mahindi kutoka Lugari. Ayuma alikuwa amempenda mpaka akaanza kuongea habari za mbolea wakati wa kula. Tatizo halikuwa kijana. Tatizo lilikuwa mjomba wake, Mzee Andayi, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao. Sifa zake zilifika kabla yake. Nyumba moja aligeuza msafara wote kwa sababu walimkalisha kwenye kiti cha plastiki. Nyumba nyingine aliletewa ingokho, kuku mzima wa heshima, akatafuta imondo ndani ya bakuli asiione. Sasa firigisi ya kuku kwetu ni ya mkubwa wa wageni. Alinawa mikono, akachukua kofia yake, wakaondoka wote, na ndoa ile haikufanyika. Kwa hiyo asubuhi ile Ayuma alinishika mikono na kuniambia, "Mama, leo kusiharibike kitu hata kimoja. Tafadhali." Nikamwahidi.

Na kuna jambo moja ambalo ninyi wa mjini mnaanza kulisahau. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Ni heshima, na Mzee Andayi alikuwa mlinzi wake. Kwa hiyo kazi yangu siku ile ilikuwa kukaa jikoni, nyuma ya nyumba, nipike na nisionekane.

Mtungi wangu ulikuwa umetundikwa kwenye mlango wa jikoni humo miaka yote. Mahali pake ni pale: karibu na njia ya kutokea, mbali na jiko lenyewe, ili mtu asipite juu ya moto kuufuata. Jessica akafika asubuhi na mfuko wa vitambaa, hakuniuliza. Akauona mtungi, mwekundu, unang'aa, akaona haufai kukaa nyuma na kuni wakati wageni wanakuja. Akaupeleka sebuleni kando ya televisheni. Akauvika kitambaa cheupe cha maua ya waridi, akakifunga shingoni kwa utepe. Kisha akakosa sinia la kupitishia soda, akaja akachukua kifuniko cha sufuria yangu kubwa. Yote haya niliyajua baadaye, yaani nilipoyahitaji.

Wageni wakaingia. Nikasikia viti, nikasikia salamu, nikasikia mume wangu akimkaribisha Mzee Andayi kwenye kochi zuri. Ayuma alikuwa kwa jirani, amefichwa mpaka aitwe. Mzee mmoja akaombwa afungue kwa sala, naye ni wale wanaoanzia kwenye uumbaji. Mimi nilikuwa nakaanga kuku kwenye jiko la gesi, na kando, kwenye kuni, maji ya obusuma, ugali wetu, yanachemka. Nikageuka kumwaga unga. Niligeuka kwa muda mfupi tu, nawaapia. Niliporudisha macho, sufuria ya mafuta ilikuwa inawaka moto mpaka usawa wa kichwa changu.

Nilifanya nilichowafundisha watu maisha yangu yote. Nilizima gesi. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko, hakuna kifuniko. Nikanyoosha mkono mlangoni kwenye mtungi, nikashika msumari.

Wakati huo Jessica anatokea na beseni la maji ya kunawa, ameona moto, amekwisha kuliinua. Mafuta yale yakipata maji yanaruka mpaka kwenye paa na kwenye nyuso zetu. Nikajitupa katikati, nikalishika beseni, yeye analivuta huku, mimi nalivuta kule, tumelowa wote wawili. Nikamuuliza mtungi uko wapi. Akasema uko sebuleni, umependeza. Nikamwambia aukimbilie.

"Dada, wanaomba," akanijibu. "Mtu hapitangi mbele ya wazee wakiomba."

Hata beseni hakuliachilia. Juu yetu mahindi ya mbegu yaliyotundikwa kwenye boriti yalikuwa yameanza kutoa moshi, na kutoka boriti ile hadi paa la nyumba si mbali. Hapo niliogopa kweli. Nikiingia sebuleni, ninakutana uso kwa uso na mkwe, Mzee Andayi anachukua kofia yake, na Ayuma ameachwa kabla hajaitwa. Nisipoingia, nachoma nyumba nikiwa fundi wa vizima moto, na wilaya nzima itacheka mpaka nife. Nikaamua kuingia. Wakirudi Lugari, warudi, nikajiambia, labda siku moja mtoto atanisamehe.

Nimepiga hatua ya kwanza, mlango wa nyuma wa nyumba ukafunguka, ukatoka mgongo.

Ulikuwa mgongo wa suti ya buluu, mpya. Ulikuwa unakuja kinyumenyume, polepole, kisigino kinapapasa ardhi kabla ya kukanyaga. Ukagonga kamba ya nguo, ukaomba radhi kwa kamba, ukaendelea. Mikononi, kwa jinsi viwiko vilivyokaa, ulikuwa umebeba kitu kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Ulipofika umbali wa heshima ukachuchumaa, ukakiweka kile kitu chini nyuma yake, ukasimama tena ukitazama nyumba.

"Mama, mtungi huu hapa," ukasema. "Mimi sioni kitu."

Nikaiambia sufuria, kwa maana sikuweza kumwambia yeye, "Asante, baba."

"Utepe umekazwa mafundo, mama. Nimejaribu nikashindwa."

Niliukata kwa meno. Waridi za Jessica zikaanguka kwenye tope. Nikachomoa pini, nikasimama mlangoni nikiwa na njia ya kukimbilia, kwa mbali kidogo ili nisiyarushe mafuta, nikaelekeza mdomo chini ya moto, si juu kwenye ndimi zake kama mnavyofanya ninyi, nikabonyeza na kufagia huku na huku. Moto ukalala. Nikasubiri. Ukajaribu kuinuka, nikaulaza tena. Wingu la unga likarudi na upepo likatutokea mlangoni, na lilipotulia, jiko lilikuwa jeupe, kuku alikuwa mweupe, obusuma ulikuwa mweupe zaidi, na Jessica amesimama na beseni lake tupu kama sanamu ya chokaa.

"Imezima?" mgongo ukauliza.

Nikasema imezima.

"Basi ngoja nirudi. Wamefika kwa Musa."

Sasa, mama mkwe haruhusiwi kuingia sebuleni, lakini sijasikia mtu akikataza dirisha. Nikaenda nikainama chini ya dirisha la sebule. Sala ikaisha, amina, watu wakafumbua macho, na hakuna aliyejua kitu, kwa sababu Wycliffe amekaa amewaelekea na kifua chake ni safi. Mzee Andayi akaanza kazi. Akawataja watu wake mmoja mmoja. Alipofika kwa bwana harusi akamwambia asimame, azunguke, wenyeji wamwone vizuri.

Nilimsikia kijana akisimama. Halafu nikamsikia akizunguka. Alikuwa mweupe kutoka kola mpaka visigino.

Mzee Andayi akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani amempaka unga. Wycliffe akasema ni poda ya kuzimia moto, kwamba jikoni kulishika moto wakati wa sala, akasikia mtungi ukiulizwa, akautambua chini ya kitambaa, naye akaupeleka.

"Jikoni kwa mama mkwe wako," Mzee Andayi akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukamwona?"

Pale chini ya dirisha nilifumba macho. Nilikuwa naona uso wa Ayuma.

"Sikumwona, mzee. Nilienda kinyumenyume."

Kochi likalia. Nikajua tayari, anafuata kofia. Lakini nilisikia akimuuliza Jessica, aliyekuwa ameingia na soda zake juu ya kifuniko changu, kama kuku yuko salama. Jessica, ambaye nyusi zake zilikuwa bado nyeupe, akasema kuku pia amepakwa. Na imondo? Imondo pia, mzee.

Kisha Mzee Andayi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, wakampa soda, akaicheka ile soda, akakicheka kifuniko. Alipopata pumzi akasema, "Kuku nimekulanga kwa nyumba nyingi. Lakini mkwe wa kuzima moto na mgongo sijaonanga. Leteni chochote chenye kimebaki."

Kilichobaki kilikuwa mrenda na ugali mpya. Walikula wakamaliza. Ayuma akaitwa, akaja, akakuta wazee wazima wameshikwa na kicheko na mchumba wake ana rangi mbili. Harusi ilikuwa Aprili.

Mtungi niliupeleka kujazwa Jumatatu yake, kisha nikaurudisha kwenye msumari wake nje ya mlango wa jikoni, ambapo mtu yeyote wa upande wowote wa heshima anaufikia. Nimenunua na blanketi la moto. Vifuniko nimevitoboa nikavifunga kwa mnyororo. Jessica bado anaruhusiwa kufunika kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, ukiondoa mume wangu na chochote chekundu.

Na Wycliffe huja. Kila wanapotutembelea, kabla hajaingia kwa baba mkwe wake, huzunguka nyuma ya nyumba kinyumenyume mpaka mlangoni pangu, akasimama akinipa mgongo, akaushusha mtungi. Mimi ndani naendelea kukoroga.

"Mama, mshale uko kwenye kijani."

"Umeusalimu?"

Namsikia akiupindua, anasikiliza.

"Ameitika, mama."

Ndiyo mazungumzo yetu yote, mimi na mkwe wangu, na hayajanipungukia. Uso wake siujui vizuri mpaka leo. Ule mgongo nitautambua hata katikati ya mbuzi wa Lubao.